Miti Sitini ya Kwanza

Miti ya Raho ilianzia namba sitini na moja, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mtu wa rangi alikuja Jumatatu asubuhi, mwezi wa tisa mwaka wa tisini na tisa, na kopo la rangi nyeupe na brashi iliyokwisha nywele. Aliteremka mpaka ukingoni mwa Tana, pale shamba la Raho linapoishia mtoni, akaanza kuandika namba kwenye mashina. Mkuyu wa kwanza, 61. Mgunga uliofuata, 62. Akaenda hivyo hivyo mpaka mti wa mwisho, 94, kisha akaruka ua wa miiba akaingia kwa jirani, Awil, akaendelea na 95.

Raho alisimama na jembe begani akimfuata kwa macho. Alikuwa amezaliwa katika boma la wafugaji upande wa Habaswein, akakua akihesabu mbuzi wanapoingia zizini, na aliyelelewa hivyo hahitaji karatasi kujua kwamba hesabu haianzi katikati. Ukimwona mbuzi wa sitini na moja anapita mlangoni, basi sitini wamekwisha kupita. Hawa wamepita wapi?

Maana juu ya shamba lake, kuelekea darajani, hapakuwa na shamba la mtu. Pale palikuwa malka, mteremko wa kunyweshea mifugo, udongo mtupu uliokanyagwa na ngamia na ng'ombe tangu zama za mababu. Hata kijiti cha mswaki usingekipata.

"Kaka," alimwita mtu wa rangi kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii namba yako naanza wapi? Moja iko wapi?"

"Mimi naanzia ninapoambiwa, mama," alijibu bila kugeuka. "Nimeambiwa sitini na moja."

"Nani nasema?"

"Ofisi."

Ofisi hiyo ilikuwa ya Mradi wa Ukingo. Gharika ya El Nino ilipokuja mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mto uliyameza mashamba yaliyokatwa miti yote, ukayabakiza yale yenye mikuyu na migunga ukingoni. Mwaka uliofuata serikali ikaleta mradi: mwenye shamba atakayeiacha miti yake ya ukingoni, asiikate kuni wala kuichoma makaa, atalipwa kila mwaka. Fungu la ukingo mzima lilikuwa moja, na liligawanywa kwa idadi ya miti. Hata asiyejua kusoma alielewa kwamba mti wa uongo wa mmoja hula mti wa kweli wa mwenzake.

Gharika hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Raho mjane. Mumewe, Bare Hilowle, alikufa kwa homa iliyofuata maji, Januari ya tisini na nane, akamwachia watoto wawili na ekari mbili. Raho alikaa eda miezi minne na siku kumi, na mambo yote ya nje yakashikwa na shemeji yake Dagane, mdogo wake marehemu, mchuuzi wa mbuzi mwenye duka mjini Garissa. Eda ilipokwisha Dagane aliuliza, kwa adabu, kama Raho angekubali kurithiwa kama ilivyo desturi. Raho alikataa kwa adabu vilevile. Dagane hakununa. Kila mwezi alileta sukari, mchele na mafuta, na kila muhula alilipa karo ya Guled, mtoto mkubwa, aliyekuwa sekondari ya bweni. Raho alikuwa akimwombea dua kwa kumtaja jina.

Kwa hiyo shaka yake haikwenda huko. Ilikwenda kwa jirani.

Awil alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa ukingoni. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa pampu, yeye ndiye mpeleka makaratasi ofisini, na yeye ndiye aliyeezeka nyumba upya mwezi wa nne kwa mabati yanayong'aa mpaka ng'ambo ya mto. Raho alijiambia hataki kumdhania mtu vibaya. Kisha akamdhania. Siku mbili nzima alipalilia vitunguu huku jicho moja likiwa ua wa pili, na kila alilolifanya Awil likawa na maana. Akicheka, anamcheka nani? Akinyamaza, anaficha nini?

Siku ya tatu alimwendea Hawo, jirani wa mashamba ya chini zaidi ya mto, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mwema.

"Nisemalo libaki hapa," alisema Raho, akamweleza habari za namba.

Hawo alishika shavu. "Miti sitini! Walaal, ndugu yangu, na yale mabati?"

"Mimi sikutaja mabati."

"Hukutaja, lakini nayaona. Ukingo mzima unayaona."

Halikubaki pale. Kabla ya wiki kwisha Raho alilisikia neno lake likirudi kutoka kwa watu ambao hakuwaambia, limenenepa, lina mikono na miguu: Awil ana shamba la siri, Awil ana mke wa pili Wajir aliyejengewa kwa pesa ya miti. Zamu ya Awil ya maji ilipofika, mtu aliufunga mfereji wake kwa matope. Zeinab, mkewe Awil, alipita na mtungi akatoa salamu, na wanawake wakaiitikia nusu. Raho alikuwa mmoja wao. Alimwona Zeinab akiinamisha kichwa, akajiambia: kama hana hatia, mbona anainamisha kichwa?

Mzee Abdullahi, mwenyekiti wa kikundi, akaitisha mkutano wa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila mtu alijua ni wa kumwondoa katibu.

Raho alitaka ushahidi kabla ya siku hiyo. Jumatatu alijitanda shela akaenda ofisini. Karani alikuwa mtu wa Kitui aitwaye Mwendwa, na alipomwona tu akakifunika kwa gazeti kitabu alichokuwa akiandika.

"Mimi nataka kuona karatasi ya majina," alisema Raho.

"Majina yamebandikwa, mama. Sheria inasema yakae ubaoni siku kumi na nne, kila mtu ayaone. Tumebandika."

"Ubao iko wapi?"

Mwendwa alinyoosha kalamu yake upande wa pili wa uwanja. Kulikuwa na stoo ya mabati, na mlangoni mwake kufuli kubwa kama ngumi.

"Ndani ya stoo?"

"Nje karatasi zitanyeshewa."

Raho alitazama juu. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano. "Basi fungua. Mimi naona, nafunga."

"Ufunguo anao bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko Wajir."

"Narudi lini?"

"Akirudi."

Raho alirudi nyumbani akiwa na shaka mpya juu ya ile ya zamani. Sasa hakumwamini Awil, hakumwamini Mwendwa, hakumwamini bwana mkubwa ambaye hajawahi kumwona, na hata Hawo alianza kumtilia shaka: mbona alilieneza lile neno kwa haraka vile?

Alhamisi ikatokea bahati. Mradi ulitangaza kugawa miche, ishirini kwa kila mwanachama, na miche ilikaa ndani ya stoo ile ile. Bwana mkubwa alikuwa amerudi usiku wa jana yake. Kufuli likafunguliwa, watu wakapanga foleni, wakawa wanaingia mmoja mmoja kuchukua trei zao. Zamu ya Raho ilipofika aliuona ubao. Ulikuwa ukutani kweli, nyuma ya magunia ya mbolea yaliyopangwa mpaka kifuani. Hawakusema uongo.

Mtunza stoo alikuwa amegeuka akihesabu trei. Raho aliegemea magunia akanyoosha shingo. Tangu atoke eda alikuwa akihudhuria masomo ya ngumbaru kila alasiri katika chumba cha madrasa, na alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayechagua mchele. Alianza kwa Awil, wa tatu kutoka juu, maana ndiye aliyekuja kumtafuta.

Namba 3, Awil Shire, miti 21. Ilikuwa sawa. Tangu 95 mpaka 115. Alimwona mtu wa rangi kwa macho yake. Hakukuwa na shamba jingine kwa jina hilo.

Namba 2, Raho Abdi, miti 34. Sawa.

Namba 1. Alisoma, akasita, akasoma tena. Bare Hilowle, miti 60. Mpokeaji: Dagane Hilowle, kwa niaba ya familia. Mjane ameridhia. Na mbele ya neno hilo alama ya dole gumba, ya wino wa zambarau, yenye mstari mweupe uliokatiza katikati.

Raho aligeuza dole gumba lake la kulia. Kovu lilikuwepo, la kisu, tangu usichanani. Mfugaji haikosei chapa yake.

"Mama, miche yako," mtunza stoo alimwita.

Aliibeba trei mpaka nje bila kuhisi uzito wake. Alikumbuka vizuri. Ilikuwa siku za eda, ameketi kwenye mkeka chumbani, na Dagane akiongea kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, kuna karatasi mbili. Moja ya kuandikisha shamba lako kwenye mradi. Nyingine ya kitambulisho cha marehemu, nikirudishe kwa chifu." Mtoto alipokea karatasi na kidau cha wino akampitishia. Raho alibonyeza kidole mara mbili, akamshukuru.

Hakwenda shambani. Aliiacha miche kivulini pa ofisi akaelekea mjini kwa miguu.

Dagane alikuwa dukani akipima maharagwe. Alipomwona alitabasamu. "Karibu, shemeji. Keti, chai inakuja."

Raho hakuketi. "Kitambulisho cha Bare ulikipeleka kwa chifu?"

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Ulikipeleka?"

Dagane aliweka kijiko cha kupimia chini. Akamngoja mteja aondoke, akasema, "Umeiona karatasi."

"Nimeisoma."

"Tangu lini unasoma?"

"Tangu nilipotoka eda."

Dagane akazungumza kwa sauti ya mtu aliyejiandaa siku nyingi. "Mbuzi wangu walikufa kwa gharika kama wa watu wengine. Duka hili halilishi nyumba mbili. Nikatazama, nikaona watoto wa ndugu yangu mikononi mwangu. Karo ya Guled ulidhani inatoka wapi?"

"Kwako."

"Basi imetoka kwa baba yake. Jina lake ndilo linalomsomesha. Ubaya uko wapi?"

"Miti haipo, Dagane."

"Kwani serikali ilihesabu nini chetu ikahesabu sawa?"

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili walikuwa wameishi vya kutosha kulijua. Lakini alikuwa ametembea njia nzima akilifikiria jambo jingine.

"Huli serikali," alisema. "Fungu ni moja. Unamla Awil. Unamla Hawo. Unanila mimi, kisha unaniletea sukari."

"Na sukari umeinywa. Na kidole ni chako. Ukitaka kusema, utaanza kwa kujitaja mwenyewe."

"Malipo yote yalikuja kwangu? Ya miti yote sitini?"

Dagane alianza kupanga makopo ya maziwa yaliyokuwa yamepangika tayari. Raho akageuka akaondoka.

Jioni ile alipika chai akaimwaga. Kila kitu jikoni kilimtazama: gunia la mchele, dumu la mafuta, hata sufuria mpya ya sikukuu. Akinyamaza, Awil atatolewa kesho kwa kosa lisilo lake, na Guled atamaliza shule. Akisema, atavunja nyumba ya Hilowle kwa ulimi wake, tena mbele ya wageni. Ukoo utasema nini? Na nani atasadiki kwamba mjane aliyekula mwaka mzima hakujua alichokuwa akila?

Ijumaa baada ya sala ya alasiri watu walikusanyika penye nyumba ya pampu. Bwana mkubwa alikuja kwa Land Rover, mtu mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho, na Mwendwa nyuma yake. Awil aliketi peke yake pembeni, ufunguo wa pampu ukiwa juu ya goti lake, kana kwamba amekwisha kuukabidhi.

Mzee Abdullahi alisoma dua, akasema, "Yanasemwa mengi juu ya katibu. Mwenye neno alitoe hapa, mbele yake."

Kichwa kimoja baada ya kingine, watu wakamgeukia Raho.

Alisimama. "Neno lilitoka kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyelianzisha, na ni uongo. Awil ana miti ishirini na mmoja kwenye karatasi, na ishirini na mmoja ukingoni. Nimeisoma."

Minong'ono ikapita. Akamgeukia bwana mkubwa, akabadili lugha. "Bwana, hii karatasi ya majina iko wapi?"

"Imebandikwa kwa mujibu wa sheria."

"Nyuma ya gunia ya mbolea."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na bwana mkubwa akajifuta shingo. Kicheko kilipokufa Raho alirudi kwenye Kisomali, akaueleza mstari wa kwanza kama ulivyoandikwa: jina la marehemu mumewe, miti sitini mahali pa malka, jina la mpokeaji.

"Na kidole kilichoridhia ni hiki," alisema, akakiinua. "Nilidanganywa. Lakini kidole ni changu, na chakula nimekila."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja wa ukoo wa mumewe aliinuka, akakung'uta kanzu yake, akaondoka bila kuaga.

Karatasi ililetwa siku ile ile na kupigiliwa misumari kwenye mlango wa nyumba ya pampu, upande wa nje, kwa amri ya Mzee Abdullahi na kwa shingo upande ya bwana mkubwa. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Ndipo yakaonekana majina mengine mawili huko mwisho, ya kumi na saba na ya kumi na nane, ambayo hakuna mtu wa ukingoni aliyewahi kuyasikia. Bwana mkubwa alisema atachunguza. Karatasi iliyofuata ilitoka bila majina hayo na bila la Bare, wala hakuna aliyeambiwa kamwe yale mawili yalikuwa ya nani. Mwezi uliofuata Mwendwa alihamishwa. Bwana mkubwa alibaki.

Malipo ya mwaka ule yalichelewa miezi minne kwa ajili ya uchunguzi, na wapo waliosema mdomo wa Raho ndio uliofunga bomba. Dagane aliagizwa arudishe alichochukua, hakurudisha. Aliuza duka akahamia Habaswein, akatuma ujumbe kwamba hawezi kumlisha mwanamke aliyeliuza jina la mumewe barazani. Guled alirudishwa nyumbani kwa karo wiki tatu, mpaka mama yake alipouza mbuzi wanne kati ya sita aliokuwa nao. Guled hakumuuliza kitu. Alikuwa akimpenda Dagane, adeer yake, yaani baba yake mdogo.

Siku chache baada ya mkutano Raho alimwendea Awil. Alimkuta kwenye pampu, si kama katibu, maana ufunguo alikuwa ameurudisha kwa mwenyekiti na kukataa kuuchukua tena, bali akimwonyesha mwingine namna ya kufunga mkanda wa injini.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Raho.

Awil alifuta grisi mikononi taratibu. "Yale mabati nilinunuliwa na dada yangu aliye kambini Dagahaley, ana duka. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Najua."

"Hukujua. Ndiyo maana nakuambia." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Umenisafisha mara moja, mahali pamoja, na nakushukuru. Lakini ulinichafua nyumba kwa nyumba. Huko atakwenda nani?"

Basi akaenda Raho. Alianza siku ile ile, nyumba ya kwanza upande wa darajani, akishuka na mto. Kila mlangoni alitoa salamu na kusema maneno yale yale: nilisema hivi juu ya Awil, nilikosea. Wengine walimkatiza, wakasema yamekwisha hayo. Wengine walitaka asimulie habari ya Dagane tangu mwanzo, naye akakataa. Kwa Zeinab alikaa muda mrefu zaidi, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Siku ya pili alifika kwa Hawo. Hawo alikuwa akipepeta mtama uani, na hakusimamisha ungo.

"Mimi nililibeba tu," alisema. "Wewe ndiye uliyenipa."

"Ndiyo maana nimekuja kulichukua."

Ungo ukaenda huku na huku. Kisha Hawo akauliza swali ambalo nyumba zote zilikuwa nalo na hakuna iliyolitoa. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya miche."

"Mwaka mzima unaletewa sukari na mchele, na karo, na mtu ambaye mbuzi wake wamekufa. Hukujiuliza?"

Raho alitaka kuapa. Akaona kiapo hakitamsaidia, maana mwongo naye angeapa.

"Sikujiuliza," alisema. "Mabati ya Awil niliyauliza kwa sababu hayakuniezekea mimi."

Hawo alisimamisha ungo akamkazia macho, muda mrefu, na Raho hakuweza kujua kama ameaminiwa. Hakukaribishwa chai, wala hakufukuzwa. Alijitanda vizuri shela yake, akauliza kama jirani wa Hawo wa upande wa chini yuko nyumbani leo, kwa maana nyumba yake ndiyo iliyofuata.

"Yuko," alisema Hawo, akarudi kwenye mtama wake.